Subira ya Viktor Burakov

Mnamo Januari 1983, Viktor Burakov alikabidhiwa kazi ambayo ingemla karibu miaka minane. Katika mkoa wa Rostov, kusini mwa Urusi, watoto na wanawake vijana walikuwa wakitoweka kwenye vituo vya treni na mabasi, kisha miili yao inaokotwa ndani ya mikanda ya miti iliyopandwa kando ya reli na mashamba ili kukinga udongo dhidi ya upepo wa nyika. Polisi waliuita upelelezi huo kwa jina la mikanda hiyo ya miti. Burakov alikuwa na miaka 37, na sifa yake idarani ilitokana na uwezo wa kulisoma eneo la tukio: nyayo, alama za vidole, jinsi damu ilivyodondoka, jinsi majani yalivyolala. Hakuwa mzungumzaji mkubwa, wala hakuwa na marafiki wakubwa Moscow. Alichokuwa nacho ni tabia ya kurudi kwenye jalada ambalo wengine wameshalifunga.

Kesi hii inajulikana duniani kwa jina la muuaji, Andrei Chikatilo. Imeandikiwa vitabu, ikatengenezewa filamu, na katika nyingi ya kazi hizo jicho la mtazamaji huvutwa na unyama. Mimi unyama huo haunivuti. Linalonirudisha kwenye habari hii kila mara ni kazi yenyewe ya upelelezi: namna mtu anavyoweza kukaa na giza mwaka baada ya mwaka, wakubwa wakimtaka jina, wazazi wakimtaka haki, naye akakataa kutoa jina ambalo halijathibitika.

Ili kuona ugumu wake inafaa kukumbuka ilikuwa nchi gani. Katika Umoja wa Kisovyeti, muuaji wa mfululizo alihesabiwa kuwa zao la ubepari. Jamii ya kijamaa haikutarajiwa kumzaa mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo magazeti yalinyamaza. Mama aliyemtuma mwanawe kwa treni hakujua kwamba kuna mtu wa kuogopwa kituoni, na shahidi aliyemwona mzee mwenye mkoba akiongozana na mtoto kuelekea miti hakuwa na sababu ya kukumbuka. Mpelelezi wa nchi nyingine angepata angalau macho ya umma. Burakov alibaki na macho ya polisi tu, na yale yaliyoandikwa kwenye makaratasi.

Jambo la kwanza alilolifanya vizuri lilikuwa kuunganisha. Miili ilitofautiana: wasichana wadogo, wavulana, wanawake waliokosa makazi na kulala vituoni. Kwa mazoea ya polisi, anayeua wavulana ni mtu wa aina moja na anayeua wanawake ni wa aina nyingine, na wengi walitaka kuzigawa kesi hizo. Burakov alitazama majeraha. Yalikuwa ya kisu, mengi kupita haja ya kuua, na kwa waathirika wengi macho yalikuwa yameharibiwa. Alama hiyo haikufuata jinsia wala umri. Akashikilia kwamba mkono ni mmoja. Leo tukiujua mwisho, hilo linaonekana wepesi. Wakati ule lilimaanisha kuwaambia wakubwa kwamba mzigo wao ni mzito kuliko walivyofikiri, na kwamba yupo mtu mmoja ambaye ataendelea.

Jaribio kubwa la ustadi wake lilikuja mapema, Septemba 1983. Kijana mmoja aliyelelewa katika makao ya watoto wenye ulemavu wa akili alikamatwa, na baada ya kuhojiwa kwa nguvu akakiri. Akakiri mauaji moja, kisha mengine, kisha kila alilotajiwa. Kwa idara iliyobanwa hivyo, huo ulikuwa mwisho mwema: mtuhumiwa yupo rumande, maelezo yake yamesainiwa. Burakov hakuridhika na saini. Alitaka kijana yule aoneshe mahali. Walipotoka naye, aliona kitu ambacho mtu mwenye haraka asingekiona: kijana alikuwa anatembea akiwaangalia polisi usoni, anapinda pale wanapopinda, anasimama pale nyuso zao zinapobadilika. Hakuwa anakumbuka njia; alikuwa anaisoma kwao. Burakov akaanza kusema wazi kwamba huyu siye, na miili ikaendelea kupatikana wakati kijana huyo akiwa ndani.

Naomba msomaji asiipite sehemu hii upesi, kwa sababu mwaka huohuo, umbali mfupi kutoka ofisi yake, mfumo uleule ulikuwa umeshamuua mtu. Desemba 1978 msichana mdogo aliuawa katika mji wa Shakhty. Chikatilo alikuwa na kibanda mjini humo alichokinunua kwa siri, matone ya damu yalionekana karibu na kibanda hicho, na shahidi alieleza sura ya mwanamume aliyemwona na mtoto. Lakini polisi walikuwa na Aleksandr Kravchenko, kijana aliyewahi kufungwa kwa kosa kama hilo, na Kravchenko alibanwa hadi akakiri. Alipigwa risasi kwa amri ya mahakama mwaka 1983. Baadaye Chikatilo aliwaambia wapelelezi kwamba mauaji yale yalikuwa yake, na hukumu ya Kravchenko ikafutwa, akiwa tayari kaburini. Ukiziweka kesi hizo mbili pamoja, ya Shakhty na ya kijana wa makao, unaona thamani ya mpelelezi anayeuliza swali moja zaidi baada ya mtu kusema "ni mimi".

Sisemi kwamba upelelezi wa Rostov ulikuwa safi. Polisi waliwaandama wanaume waliodhaniwa kuwa mashoga, mapenzi ambayo sheria ya Kisovyeti iliyahesabu kuwa jinai, na baadhi ya waliohojiwa walijiua. Burakov alikuwa ndani ya chombo hicho. Ninachokitazama ni mkono wa fundi mmoja katika karakana iliyojaa makosa.

Kosa kubwa kuliko yote lilitokea Septemba 1984, na halikuwa la mtu mvivu. Inspekta Aleksandr Zanosovsky, askari kanzu katika kituo kikubwa cha mabasi cha Rostov, alimwona mwanamume wa makamo mwenye miwani na mkoba akiwasogelea wasichana mmoja baada ya mwingine. Akamfuata kwa saa nyingi, basi hadi basi, usiku kucha hadi asubuhi, bila kumgusa, ili aone anachotaka. Alipomkamata, mkobani mlikuwa na kisu, kamba na mafuta ya kupaka. Alikuwa Chikatilo. Huo ni upelelezi wa daraja la juu: macho, miguu na uvumilivu.

Maabara ndiyo iliyomwachia. Shahawa zilizopatikana kwenye miili zilionesha kundi la AB. Damu ya Chikatilo ilikuwa kundi A. Kwa elimu waliyokuwa nayo, hayo yalitosha kumtoa kwenye orodha. Baadaye wataalamu wa Kisovyeti walidai kwamba kuna watu wachache ambao damu na shahawa zao hutofautiana. Wataalamu wengine wakaona maelezo rahisi zaidi ni kwamba vipimo vilifanywa vibaya. Vyovyote vile, alihukumiwa kwa wizi mdogo wa mali ya kiwandani, akakaa ndani miezi michache, akatoka Desemba 1984. Akapata kazi katika kiwanda cha vichwa vya treni huko Novocherkassk, kazi ya kusafiri kutafuta vifaa. Agosti mwaka uliofuata aliua tena, safari hii karibu na uwanja wa ndege wa Domodedovo, Moscow, alikokwenda kikazi. Wapelelezi walipekua orodha za abiria wa ndege kati ya Rostov na Moscow, jina baada ya jina. Chikatilo alikuwa amesafiri kwa treni.

Katika miaka hiyohiyo Burakov alifanya kitu ambacho polisi wa nchi yake hawakuzoea: alimwendea daktari wa magonjwa ya akili na kumuuliza huyu tunayemtafuta ni mtu gani. Daktari huyo alikuwa Aleksandr Bukhanovsky, wa chuo cha tiba cha Rostov. Hakupewa mtuhumiwa wa kumpima. Alipewa ripoti za majeraha, ramani, tarehe, na maswali. Alianza na maelezo mafupi mwaka 1984, kisha akayapanua hadi yakafika kurasa 65. Kwenye kurasa hizo mtu asiyejulikana aliitwa X.

Alichokiandika kilipingana na picha ya polisi. Walimtafuta kichaa wa barabarani. Bukhanovsky alisema huyu anajua anachofanya na anaweza kupanga. Ana miaka kati ya 45 na 50, akili yake ni ya kawaida, huenda ameoa na ana watoto, na kazi yake inamsafirisha. Kwa wanawake hajiwezi, na kisu kinashika nafasi ya kile ambacho mwili wake unashindwa. Na nyuma ya yote hayo, alisema daktari, kuna utoto wa maumivu na upweke. Chikatilo alikuwa amezaliwa Oktoba 1936. Alikuwa mume, baba wa watoto wawili, aliyewahi kuwa mwalimu na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti.

Utoto wake ulikuwa ule ambao daktari aliukisia. Alizaliwa katika kijiji cha Yabluchne, Ukraine, miaka michache baada ya njaa kubwa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni. Mama yake alimwambia kwamba alikuwa na kaka, Stepan, aliyetekwa na majirani na kuliwa wakati wa njaa. Hakuna karatasi iliyowahi kupatikana kuthibitisha kwamba Stepan aliishi, lakini mtoto aliishi na habari hiyo. Vita vikaja, baba akachukuliwa mateka na Wajerumani, na aliporudi alihesabiwa msaliti. Mtoto alikojoa kitandani na kupigwa kwa ajili hiyo. Shuleni alidhihakiwa, ujanani alichekwa kwa udhaifu wake wa kimwili, na aibu hiyo hakuisahau.

Hapa kazi ya Bukhanovsky inahitaji kutazamwa taratibu. Mamilioni ya watoto walikua katika njaa ileile na vita vilevile, wakawa wakunga, wachimba makaa, walimu wazuri. Jeraha la utotoni halimfanyi mtu muuaji, na daktari hakudai hivyo. Hakulitumia kumtetea X wala kumhurumia. Alilitumia kama alama, kwa namna ambayo Burakov alitumia nyayo: jambo hili limepita hapa, limeacha umbo hili, basi mtu tunayemtafuta ana umbo linalolingana nalo. Kufanya hivyo bila kuteleza kwenye udhuru upande mmoja, au kwenye chuki upande wa pili, ni ustadi ambao mpaka leo ni adimu.

Na kuna watu ambao hawakuhitaji kurasa 65. Chikatilo alipokuwa mwalimu, malalamiko ya wanafunzi kwamba anawashika yalifika kwa wakuu wa shule, nao wakamwondoa kimyakimya, akaenda shule nyingine. Hakuna aliyepeleka jambo hilo polisi. Naliandika hili kwa uchungu, maana jalada lake lingeanza hapo, miaka kabla ya mwili wa kwanza.

Wapelelezi hawakuishia kwa daktari. Katika gereza la Novocherkassk alikuwamo Anatoly Slivko, kiongozi wa klabu ya vijana aliyeua wavulana saba, akisubiri kupigwa risasi, kama ilivyokuwa desturi ya huko. Walikwenda kuzungumza naye kabla ya kuuawa kwake mwaka 1989, ili wasikie kutoka ndani jinsi tamaa ya namna hiyo inavyoishi na mtu anayeheshimiwa mtaani. Fikiria inataka nini kukaa mbele ya mtu kama huyo na kumsikiliza hadi mwisho. Burakov mwenyewe, kabla ya hapo, alikuwa ameshaanguka kwa uchovu: mwaka 1986 alilazwa hospitali, akapumzishwa, akarudi kwenye majalada yake.

Mwaka 1990 mauaji yalizidi, na Burakov akatega mtego ambao nauona kuwa kilele cha kazi yake. Muuaji alitumia treni za abiria za karibu na kuwavuta watu kwenye vituo. Vituo vya mkoa ni vingi mno kuvilinda vyote kwa siri. Kwa hiyo akavilinda vikubwa kwa kelele: kuanzia tarehe 27 Oktoba, polisi wenye sare walijazwa humo, waonekane na kila mtu. Vitatu tu, vidogo, vilivyozungukwa na msitu, vilionekana vimeachwa: Kirpichnaya, Donleskhoz na Lesostep. Huko walikuwa askari kanzu, wakijifanya wachuma uyoga na wakulima. Jumla walikuwa watu 360. Mtego huo haukumtaka muuaji afanye kosa. Ulimtaka afanye lile ambalo busara yake ingemwambia, yaani akwepe sare.

Tarehe 6 Novemba, Sajini Igor Rybakov, akiwa zamu Donleskhoz, alimwona mwanamume akitoka msituni na kunawa mikono kisimani. Nguo zake zilikuwa na majani na udongo, na shavuni palikuwa na doa jekundu. Hakuonekana mchuma uyoga. Rybakov akamwomba vitambulisho, akaviangalia, akaviona halali, akamwachia aondoke, kisha akaandika jina kwenye ripoti yake. Hakuwa na sababu ya kumkamata siku hiyo. Mwili wa msichana aliyeuawa humo msituni haukupatikana hadi tarehe 13. Wapo wanaomlaumu. Mimi namsifu kwa kuandika. Askari wangapi, zamu inakaribia kwisha na baridi ya Novemba inauma, wangeacha mambo yapite?

Burakov alipoita ripoti zote za kituo kile, jina likainuka, na alikuwa amelisoma zamani, kwenye majalada ya 1984. Hapo makaratasi ya miaka yote yakaanza kulipa. Safari za kikazi za Chikatilo zililinganishwa na tarehe na mahali pa mauaji, zikapatana. Polisi wakamfuata tangu tarehe 14, na tarehe 20 Novemba, alipotoka mkahawani huko Novocherkassk, wakamtia mbaroni. Kidole chake kimoja kilikuwa kimefungwa bandeji.

Lakini ushahidi wa moja kwa moja ulikuwa haba, na sheria iliwapa siku kumi tu kabla ya kumfungulia mashtaka. Issa Kostoyev, aliyetoka ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu huko Moscow kuongoza upelelezi, alimhoji kila siku. Alikuwa mpelelezi hodari, aliyezoea kumbana mtu kwa hoja mpaka akose pa kutokea. Chikatilo aliandika barua za nusu nusu, akakiri udhaifu, akaugua, akanyamaza. Siku zikabaki chache.

Burakov ndiye aliyependekeza aitwe Bukhanovsky, na Kostoyev akakubali. Tarehe 29 Novemba daktari aliingia chumbani, akajitambulisha, akatoa zile kurasa alizoziandika miaka mitano nyuma, akaanza kumsomea. Hakumtuhumu. Alimsomea habari za X: upweke wake, aibu yake, jinsi anavyojisikia baada ya tendo, kwa nini hawezi kuacha. Alimweleza mtu habari za ndani yake kabla hajamjua jina. Baada ya muda Chikatilo akalia, akasema ni yeye.

Nimeliwaza tukio hilo sana. Katika chumba cha mahojiano kama hicho Kravchenko alikiri kwa sababu alibanwa. Huyu alikiri kwa sababu, pengine mara ya kwanza maishani, alieleweka bila kubembelezwa. Na ukweli wa kukiri kwake ulijipima wenyewe. Polisi walikuwa na mauaji 36 waliyoyahesabu kuwa yake. Alikubali 34, akayakataa mawili, kisha akaongeza mengine ambayo hawakuwa wakiyajua, akawapeleka mwituni na kuwaonesha mahali miili ilipolala. Safari hii hakuna polisi aliyemwelekeza njia.

Kesi ilianza Aprili 1992, mtuhumiwa akiwa ndani ya kizimba cha chuma ili ndugu wa waliouawa wasimfikie. Oktoba mwaka huo alitiwa hatiani kwa mauaji 52, na tarehe 14 Februari 1994 akapigwa risasi. Mahakama ilikuwa na vurugu nyingi na uzuri kidogo. Sioni la kusimulia zaidi humo.

Bukhanovsky hakuuacha ujuzi wake kwenye jalada. Alifungua kituo cha tiba mjini Rostov alichokiita Feniks, akawapokea watu walioanza kuhisi ndani yao tamaa za kuumiza, wakiwamo vijana walioletwa na wazazi wao, akawasikiliza na kuwatibu kabla hawajamgusa mtu. Alilaumiwa kwa hilo, wengine wakitaka awakabidhi polisi. Aliendelea hadi alipofariki mwaka 2013. Kwa maoni yangu, hiyo ni kazi kubwa kuliko ile aliyoifanya siku ya 29 Novemba, ingawa haitatengenezewa filamu.